SOMO LA KAZI ZA MIKONO: KALENDA YA MEZANI KWA ZAWADI



Mwezi huu somo letu ni la mikono. Baadhi ya akina mama na vijana wa parishi wametuuliza: je, ni zawadi gani inayoweza kupelekwa kwa mzee au kwa mgonjwa wakati wa Krismasi, ikiwa mfukoni hakuna kitu? Sabuni ni nzuri, na sukari ni nzuri zaidi, lakini vyote viwili hukwisha kabla ya Epifania. Sisi tunapendekeza kalenda ya mezani, iliyotengenezwa kwa karatasi na boksi, na kuandikwa kwa mkono. Gharama yake ni karatasi saba, kipande cha boksi, na uzi kidogo. Kazi yake ni ya jioni tatu au nne, nayo hukaa mwaka mzima.

Wako watakaosema, kalenda ya nini siku hizi, nayo simu inayo? Ni kweli, simu inayo. Lakini simu hiyo ni ya kijana, na kijana huenda nayo anakokwenda. Bibi aliyebaki nyumbani ana simu ndogo ya kupokea sauti, na herufi zake ni ndogo kuliko punje za mtama. Huyu ndiye tunayemfikiria katika somo hili.

Yuko mama mmoja mjane, mwenye umri uliopita miaka sabini, anayeishi hapa Kasingirima. Jina lake hatulitaji. Anatumia dawa za shinikizo la damu, na kila baada ya siku 30 hana budi kurudi kliniki. Zamani mjukuu wake ndiye aliyemhesabia siku. Mjukuu alipokwenda shule ya bweni, siku zikamchanganyikia. Mara mbili alikwenda siku ya sikukuu akakuta mlango umefungwa, akarudi na jua lile lile, na dawa zikamwishia. Akabuni njia yake mwenyewe: kila asubuhi alitia punje moja ya harage katika kikombe. Njia si mbaya, walimu wa darasa la kwanza tunaijua sana, ila kuku wakiingia ndani hawaulizi harage lile ni la kliniki au ni la mboga.

Vijana wakamtengenezea kalenda. Tena wakafanya jambo jingine jema: katika kila Jumanne wakaandika jina la mmoja wao atakayekwenda kumwona, kumchotea maji na kumsomea. Mama huyo hasomi sana, lakini majina ya watoto wa jirani anayatambua. Akachukua kipande cha mkaa. Aliyekuja alimwekea nukta, asiyekuja aliacha nafasi yake wazi. Hakumlalamikia mtu. Baada ya Pasaka kiongozi wa vijana alipita, akazifunua karatasi zile: Januari ilikuwa na nukta nne, Februari nukta mbili, Machi haikuwa na hata moja.

Twasema kila siku kuwa ahadi ni deni. Hapa deni lilikuwa na daftari. Vijana walikaa kikao, na sisi tunawasifu kwa kuwa hawakutafuta visingizio. Walipunguza majina. Badala ya kila Jumanne wakabaki na Jumanne mbili kwa mwezi, na kila moja ikawa na watu wawili, ili mmoja akipata udhuru mwenzake aende. Tangu Mei nukta zikawa mahali pake. Tunayaandika haya kabla ya kufika kwenye rula na penseli, maana kuna mambo mawili katika zawadi hii, karatasi na yale yaliyoandikwa juu yake. La kwanza ni rahisi.

Wala mtu asidhani kwamba kupotewa na hesabu ya siku ni jambo la wazee wasiosoma tu. Hapa hapa Ujiji, mwaka 1871, Daktari David Livingstone alikutana na mwandishi wa magazeti H. M. Stanley. Stanley aliandika kuwa ilikuwa 10 Novemba. Katika shajara ya Livingstone mwenyewe mkutano huo umo katika Oktoba. Watu wawili waliosoma, wenye saa na vitabu, walipeana mikono mahali pamoja, na kila mmoja alikuwa na tarehe yake! Homa na safari ndefu ndizo huchanganya hesabu, na waandishi wa historia bado wanabishana juu ya tarehe ile.

Tena mwaka huo huo, alipokuwa Manyema ng'ambo ya ziwa, Livingstone aliishiwa na karatasi. Alichukua gazeti kuukuu la London liitwalo The Standard, akaandika habari zake juu yake akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino aliopata kutokana na mbegu za mmea. Wino ule ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki, mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali na kuyatoa hadharani mwaka 2011. Sisi tunachukua mambo mawili hapo: karatasi iliyokwisha kutumika isidharauliwe, na wino uchaguliwe vizuri.

VIFAA

Sisi tuliopita chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulifundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vilivyopo. Madarasa yalikuwa yamejaa watoto kwa ajili ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote wa mwaka 1977, na karatasi ilikuwa adimu kama chumvi wakati wa njaa. Boksi la sabuni lilikuwa mali. Kwa hiyo mtusamehe tukionekana wabahili.

Tafuteni boksi gumu, lile lenye mawimbi katikati. Wenye maduka pale Mwanga huwa nayo, na ukiomba kwa adabu hupewa bure. Liwe kavu, lisiwe lile lililobebea samaki, maana harufu haitoki. Karatasi za ukubwa wa A4 ziwe saba. Zikiwa za manila ni bora, kwa kuwa hazipindi. Zikiwa za kawaida zitafaa pia. Uzi wa kushonea nyavu ni imara kuliko uzi wa nguo, nao haukosekani kwa jirani mvuvi au kule Kibirizi. Tena rula, penseli, kifutio, wembe au kisu kikali, msumari wa kutobolea, kalamu ya wino mweusi na nyingine ya wino mwekundu. Kalamu za kawaida za mpira ni afadhali kuliko zile za wino mzito unaopenya, kwa sababu hewa ya ziwani ina unyevu, na wino mzito ukipata tone la maji hutambaa.

Gundi ya dukani ni nzuri. Asiyekuwa nayo apike ya muhogo: kijiko kimoja cha unga wa muhogo uliochekechwa, ukorogwe katika maji baridi robo kikombe hata usiwe na madonge, kisha uwekwe juu ya moto mdogo huku ukikorogwa mpaka ubadilike rangi na kuwa kama kioo. Upake ukiwa umepoa. Upakwe mwembamba, tena kazi ikaushwe kabisa, kwa kuwa gundi ya unga iliyobaki na maji huota ukungu, na mende huipenda kama sisi tunavyopenda ugali.

KISIMAMIO

Kata boksi lenye urefu wa sentimita 42 na upana wa sentimita 22. Angalia mawimbi ya ndani: yafuate urefu, si upana. Yakifuata urefu yatasimama wima kama nguzo na kalenda haitalegea. Yakifuata upana, boksi litakunjika kwa urahisi sana mikononi mwako, nawe utafurahi, lakini kabla ya mvua za Machi kalenda itakuwa imepiga magoti.

Pima kutoka juu sentimita 16, piga mstari; kisha sentimita 8, piga mstari; kisha 16 nyingine, piga mstari. Zitabaki sentimita 2 za kupakia gundi. Pitisha mgongo wa kisu au mpini wa kijiko juu ya kila mstari, ukikandamiza bila kukata, halafu kunja. Umbo litakalopatikana ni kama paa la nyumba: pande mbili za sentimita 16, na sakafu ya sentimita 8. Paka gundi kwenye ile sehemu ya sentimita 2, ibandike ndani ya ukingo, uifunge kwa uzi au uiwekee kitabu mpaka asubuhi. Ukitaka uzuri, funika boksi kwa karatasi ya rangi au kipande cha kitenge. Kitenge kinapendeza, tena kinaimarisha mikunjo.

KARATASI ZA MIEZI

Kata kila karatasi ya A4 katikati ya urefu wake. Utapata vipande viwili, kila kimoja kina upana wa sentimita 21 na kimo cha karibu sentimita 15. Karatasi saba zitatoa vipande kumi na vinne: kimoja cha jalada, kumi na viwili vya miezi, na kimoja cha mwisho ambacho tutaeleza kazi yake.

Kwenye kila kipande cha mwezi acha sentimita moja na nusu juu kwa ajili ya matundu. Zinazofuata ni sentimita 2 hivi za jina la mwezi, na chini yake mstari wa majina ya siku wenye sentimita 1. Kisha piga safu saba za kusimama, kila moja sentimita 2.6, na safu sita za kulala, kila moja sentimita 1.6. Tumezipima na zinatosha, na pembeni hubaki nafasi. Mchore kipande kimoja vizuri kwanza, kisha tobolea pembe za safu kwa sindano juu ya vipande vingine vitatu au vinne kwa pamoja. Matundu madogo ya sindano yatawaonyesha pa kupitisha rula, nanyi hamtapima mara kumi na mbili.

Kwa nini safu sita, na kalenda nyingi za madukani zina tano? Kwa sababu mwezi wenye siku 31 ukianza Ijumaa au Jumamosi, na juma likiwa limeanzwa kwa Jumapili, tarehe za mwisho humwagikia safu ya sita. Wachapaji wengine hubana 24 na 31 katika kijumba kimoja. Kwa macho ya mzee huo ni ukatili. Mpeni kila siku nyumba yake.

Sisi tunaanza juma kwa Jumapili, kama Kanisa. Mtu akitaka kuanza kwa Jumatatu kama ofisini, hatumkatazi, ila asibadilishe njiani. Na hapa tunapenda kusimama kidogo, maana Kiswahili chenyewe hakianzi kwa Jumapili wala kwa Jumatatu. Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ni ya pili, na hivyo hadi Jumatano, siku ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, na neno hilo kwa asili ya Kiarabu maana yake ni ya tano! Basi juma letu lina siku ya tano mara mbili, moja kwa hesabu ya Kibantu na moja kwa hesabu ya Kiarabu, kisha Ijumaa, siku ya kukusanyika. Mpeni mtoto wa darasa la nne fumbo hilo mwone atakavyofikiri.

KUPANGA TAREHE

Tunachukua mwaka 2027 uwe mfano. Tarehe 1 Januari 2027 ni Ijumaa. Ukijua hilo moja tu, mwaka mzima umo mkononi mwako, na mkononi kwelikweli. Kunja ngumi ya mkono wa kushoto. Kifundo cha kwanza cha kidole ni Januari, bonde linalofuata ni Februari, kifundo ni Machi, bonde ni Aprili, hata ufike kifundo cha mwisho ambacho ni Julai. Anza tena kwenye kifundo cha kwanza kwa Agosti. Kila kifundo ni siku 31, kila bonde ni siku 30, isipokuwa Februari ambayo ina 28, na katika mwaka mrefu 29.

Andika Januari mpaka 31, ambayo itaangukia Jumapili. Kwa hiyo 1 Februari ni Jumatatu. Endelea hivyo hivyo bila kuruka. Andikeni kwanza kwa penseli, hakikisheni, ndipo mpitishe wino. Kalenda yenye kosa moja ni mbaya kuliko kutokuwa na kalenda, kwa sababu huaminiwa. Mzee atakwenda kliniki Jumamosi akiwa na hakika kuwa ni Ijumaa, na karatasi yenu ndiyo iliyomtuma.

Kuna njia tatu za kusahihisha. Ya kwanza, katika mwaka wa kawaida siku ya kwanza na siku ya mwisho ni siku moja: 1 Januari 2027 ni Ijumaa, na 31 Desemba 2027 ni Ijumaa. Ya pili, katika mwaka wa kawaida Januari na Oktoba huanza siku moja. Februari, Machi na Novemba huanza siku moja. Aprili na Julai vivyo hivyo. Na Septemba na Desemba pia. Ya tatu ndiyo tunayoipenda kuliko zote, nayo hufaa mwaka wowote: tarehe 4 ya mwezi wa 4, tarehe 6 ya mwezi wa 6, tarehe 8 ya mwezi wa 8, tarehe 10 ya mwezi wa 10 na tarehe 12 ya mwezi wa 12, zote huangukia siku moja ya juma. Katika mwaka 2027 zote ni Jumapili. Kwa hiyo Nane Nane ya mwaka huo ni Jumapili.

Sasa siku kuu. Za Serikali zenye tarehe isiyobadilika mnazijua: 12 Januari, Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, 7 Aprili, kumbukumbu ya Karume aliyeuawa 1972, 26 Aprili, Muungano, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, na 9 Desemba, Uhuru wa 1961. Ziandikwe, kwa sababu ndizo siku ambazo mama yule alikuta mlango umefungwa.

Pasaka huhama. Kanuni yake ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu ulio tarehe 21 Machi au baada yake. Mwaka 2027 mwezi utakuwa mpevu Jumatatu 22 Machi, kwa hiyo Pasaka ni 28 Machi. Rudi nyuma siku 46 utapata Jumatano ya Majivu, 10 Februari. Ijumaa Kuu ni 26 Machi. Nenda mbele: Kupaa ni Alhamisi 6 Mei, Pentekoste ni 16 Mei, na Jumapili ya Utatu ni 23 Mei. Majilio yanaanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, yaani 28 Novemba. Wenye penseli za rangi waweza kupaka pembe ya kijumba rangi za Kanisa: zambarau kwa Majilio na Kwaresima, nyeupe kwa Krismasi na Pasaka, nyekundu kwa Pentekoste, kijani kwa siku nyingine. Msipake kijumba chote, tarehe isije ikamezwa.

Na majirani zetu Waislamu, ambao katika Ujiji ni wengi, tusiwasahau. Hata kama kalenda inakwenda kwa Mkristo, atapenda kujua lini apeleke salamu za Idi. Mwaka 2027 Ramadhani inatazamiwa kuanza karibu na 8 Februari, siku mbili tu kabla ya Jumatano ya Majivu, hata nyumba nyingi za mtaa mmoja zitafunga pamoja. Idi el Fitri itakuwa 9 au 10 Machi, na Idi el Haj 16 au 17 Mei. Hizo ziandikwe kwa penseli na ziachwe kwa penseli, maana zinangoja mwandamo wa mwezi.

Tukitaja mwezi, kalenda ya watu wa ziwani bila mwezi mpevu haijakamilika. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani. Mbalamwezi ikiwaka taa haivuti, na mitumbwi hupumzika. Mke wa mvuvi anajua maana ya juma hilo katika chungu chake. Basi chora duara dogo. Anza na 22 Machi, hesabu siku 29, kisha 30, kisha 29, ukipokezana hivyo kwenda mbele na kurudi nyuma. Utakosa kwa siku moja hapa na pale, na kwa kazi ya kawaida si neno. Pia acheni nafasi ya tarehe za kufungwa kwa ziwa zinapotangazwa na Serikali, kama ilivyokuwa mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti.

Jambo moja la furaha kwa mwaka huo: tarehe 16 Mei 1927 meli ya Liemba ilianza tena kazi, baada ya kuzamishwa na Wajerumani waliokuwa nayo mwaka 1916 na kuopolewa mwaka 1924. Kwa hiyo Pentekoste ya 2027 inaangukia siku ile ile ya kutimia miaka 100. Mwenye kipaji achore meli katika pembe ya Mei. Wazee wengi wa hapa walisafiri nayo, na picha hiyo itawafanya wazungumze jioni nzima.

YANAYOANDIKWA KWA AJILI YAKE

Hapa ndipo zawadi inapoachana na kalenda ya duka. Kabla ya kupitisha wino, mwendee mtu mwenyewe, au mwanawe, uulize: kliniki yako ni lini? Siku ya kuzaliwa mjukuu? Siku aliyofariki mzee? Wengi hawataki siku ya msiba isahauliwe, lakini wengine hawataki kuiona. Uliza, usikisie.

Kwa mgonjwa anayetumia dawa kila siku, kalenda ni msaada mkubwa. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi 6, na wengi hulegea mwezi wa pili au wa tatu wanapojisikia nafuu. Kijumba cha kutia alama kila baada ya kumeza humkumbusha yeye na mtu anayemwangalia. Lakini msiandike jina la ugonjwa wala jina la dawa! Kalenda hukaa mezani, na mezani hupita wageni. Nukta ndogo chini ya tarehe yatosha, naye atajua maana yake.

Kuhusu majina ya watembeleaji, tumekwisha kusema. Yaandikwe machache. Jina lisiandikwe bila mwenyewe kukubali, na asikubali kwa haya mbele ya kikundi. Afadhali Jumanne mbili zenye watu kuliko nne zenye majina.

Asiyejua kusoma asinyimwe. Mchoreeni kanisa dogo kwenye kila Jumapili, chupa ya dawa kwenye siku ya kliniki, samaki siku za giza. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, ukate dirisha dogo katikati yake lenye ukubwa wa kijumba kimoja, uushike kwa kibanio cha nguo. Kila asubuhi husogezwa hatua moja. Wajukuu hugombania kazi hiyo.

Tarakimu ziwe nene na kubwa, kimo cha karibu sentimita moja, nyeusi. Jumapili na siku kuu ziwe nyekundu. Rangi ya njano haionekani jioni kwa macho yaliyochoka, iacheni kwa mapambo.

KUFUNGA

Panga vipande vyote kwa zamu, jalada juu. Viweke juu ya kisimamio, kingo za juu zikilingana na mkunjo wa juu. Toboa kwa msumari matundu manne, sentimita 1 chini ya ukingo, kwa vipimo vya sentimita 3, 8, 13 na 18 kutoka kushoto kwa karatasi, ukipenya upande wa mbele wa boksi na upande wa nyuma. Pitisha uzi katika kila tundu, uzungushe juu ya mkunjo, uufunge kitanzi kipana kiasi cha kupitisha vidole viwili. Kitanzi kikikazwa karatasi haitageuka. Kikilegea mno zitaning'inia ovyo. Mwezi ukiisha karatasi hugeuzwa juu ya mkunjo na kulala nyuma, na mgongo wake mweupe hufaa kuandikia deni la duka au ujumbe wa mgeni.

Kile kipande cha kumi na nne, cha mwisho, kiandikwe majina ya wote walioitengeneza kalenda, pamoja na namba moja au mbili za simu za watu wa karibu wanaoweza kuitwa usiku. Ziandikwe kubwa. Mzee akiugua saa nane za usiku, jirani atakayeingia hatakuwa na muda wa kutafuta.

Pelekeni kabla ya Krismasi, msingoje mwaka mpya. Kaeni naye, mgeuze karatasi pamoja naye mara mbili tatu, mmwonyeshe siku yake ya kwanza ya kliniki. Iwekwe mbali na dirisha la upande wa mvua, na mbali na taa ya chemli.

Desemba ikifika, kisimamio na nyuzi visitupwe. Karatasi tu ndizo zitakazobadilishwa. Mwaka 2028 unaanza Jumamosi, ni mwaka mrefu wenye 29 Februari, na Pasaka yake ni 16 Aprili. Ile kanuni ya miezi inayoanza siku moja hubadilika katika mwaka mrefu, lakini ya 4 kwa 4 na 6 kwa 6 inabaki: zote zitakuwa Jumanne.